Dirisha la Kichochoroni

Chini ya kitanda cha kamba alichokifia bibi yangu mzaa mama, katika chumba cha uani cha nyumba yetu ya Malindi, Mji Mkongwe, lilikuwako kasha la bati ambalo mtoto akiligusa bila ya ruhusa hulia siku hiyo. Ndani yake hamkuwa na dhahabu wala hati za shamba. Mlikuwa na sahani kumi na moja za santuri, kila moja imeviringishwa katika kipande cha kanga kuukuu, na katikati ya kila sahani imebandikwa karatasi ya duara yenye picha ya mbwa mweupe aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe ya shaba, akimsikiliza bwana wake. Ami yake baba, mtu wa uradi na tasbihi, hakutaka hata kuziona, akisema kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa; na bibi akimjibu kwa upole kwamba mbwa huyu habweki, hana mate, wala hajapata kumtia mtu najisi, na kwamba kama malaika waliwahi kuisikia sauti itokayo humo basi wamo ndani siku nyingi, sheikh ndiye hajawaona.

Sauti hiyo ilikuwa ya Siti binti Saad. Siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, mama akiwa amekwisha osha vyombo na baba amekaa kitako na kahawa yake, bibi alilivuta kasha, akachagua sahani kwa kuipapasa ukingo, kwani herufi hakuzijua lakini kila ufa na kila pengo la sahani zake alilijua, akabadili sindano, akauzungusha mkono wa santuri mpaka ukawa mzito, kisha akaiteremsha sindano kwa taadhima ya mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kwanza husikika mkwaruzo, kama mafuta ya karai yanayongoja andazi la kwanza; kisha udi, kisha fidla, kisha Siti. Na kabla Siti hajaumaliza ubeti wake wa kwanza, bibi naye huwa amekwisha ingia, anaimba pamoja naye, kwa sauti nyembamba na kwa lafudhi ya watu wa Fumba, lafudhi isiyofichika hata kwa buibui. Hapo ndipo baba alipokuwa akiinuka, taratibu, bila ya kusema neno, akaenda kulirudisha dirisha la kichochoroni na kulitia komeo.

Kwa miaka mingi nilidhani baba anaogopa vumbi. Nilipopata akili nikadhani anaichukia taarabu, nikajikuta nimekosea tena, maana nilimkuta mara kadhaa peke yake dukani akizivumisha puani nyimbo zile zile alizozifungia dirisha nyumbani. Siti hakuwa na haja ya kufichwa. Mjini pale hapakuwa na mtu wa tabaka lolote aliyeona haya kumsikiliza, na Masultani wenyewe walimwita akawaimbia. Alichokuwa baba akikifungia dirisha ni ile sauti ya pili.

Sharti nieleze nyumba ile ilikuwa ya watu gani, ingawa swali hilo ndilo lililotutaabisha maisha yetu yote. Babu yangu mzaa baba aliletwa na kaskazi katika jahazi kutoka Shihri ya Hadhramauti, akabeba mizigo bandarini, akatembeza kahawa kwa dele na vikombe vya kugonganishwa, hata Mungu akamjaalia duka la mlango mmoja. Waarabu wa Oman, waliokuwa na mashamba ya karafuu na majumba ya ghorofa, hawakumhesabu kuwa mwenzao; kwao Mshihiri lilikuwa jina la hamali kabla ya kuwa jina la mtu. Akaoa mwanamke wa Kingazija, wakamzaa baba. Upande wa pili, bibi alikuwa binti wa mzalia, yaani mtu aliyezaliwa na mtumwa wa Kinyasa katika shamba la bwana wake, na mamaye bibi alikuwa Mhadimu wa Fumba, mwungwana wa kisiwa, ambaye jamaa zake hawakumsamehe ndoa ile mpaka walipomfukia. Basi mwandishi wa maneno haya ni Mshihiri, Mngazija, Mnyasa na Mhadimu, na ajuaye namna ya kuigawanya hesabu hiyo anipe jawabu, maana mimi nilisomesha hesabu skuli miaka thelathini na moja nikashindwa nayo.

Kwa watu kama sisi mji ulikuwa na majina, wala hayakuwa machache: chotara, suriama, Mwarabu koko, na mengine ambayo sitayaandika kwa kuwa bado wako walioitwa hivyo nao wa hai. Neno hili koko, msomaji ajua, asili yake ni sifa ya mbwa asiye na mwenyewe. Na anayekuuliza hakukuita jina hilo usoni, yeye alikuamkia kwa adabu zote, akauliza hali ya wazee, hali ya nyumbani, hali ya mvua, kisha, kana kwamba ni jambo lililomjia hivi hivi tu, akauliza: "Ati nyinyi ni watu wa wapi?" Ukijibu Malindi, akatabasamu, hakukuuliza mtaa.

Lililonistaajabisha zaidi nilipoanza kusoma tarikhi ya kisiwa chetu ni kwamba mchanganyiko huu ambao kichochoroni ulikuwa aibu, katika kasri ulikuwa ndiyo kawaida. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, aliyejenga Beit el Ajaib na kuyaleta mjini maji ya mfereji, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Na dada yake kwa baba, Bibi Salme, yule aliyekimbilia Ujerumani na kuandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1886, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Sheria ilisema, na bado yasema, kwamba mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake ni huru na ni sawa na ndugu zake, na mama yake hauziki tena. Sheria njema hiyo, walakini ilikuwa na mlango wake wa uani: damu ya baba iliandikwa, damu ya mama ikafunikwa, na yule ambaye baba yake hakuwa mtu wa kuandikwa, damu yake ilihesabiwa yote, tone kwa tone.

Katika mji wa namna hiyo ndimo alimoingia Siti. Alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, wote wawili wameuonja utumwa, na jina aliloitwa utotoni lilikuwa Mtumwa. Wako watakaosema, na wana hoja, kwamba Mtumwa ni jina la pwani ambalo hata waungwana humpa mtoto kwa kujinyenyekeza mbele ya Mola. Lakini jina hilo likivaliwa na mwungwana ni unyenyekevu, na likivaliwa na mtoto wa watumwa ni anwani. Mamaye alikuwa mfinyanzi, na binti akavichukua vyungu kichwani akavitembeza, akiwanadia watu kwa sauti ambayo bibi yangu, aliyekuwa mwenziwe wa njia ile ile na biashara ile ile, aliapa kwamba iliwatoa milangoni hata wasiokuwa na haja ya chungu. Mwaka 1911 akahamia mjini. Lakabu ya Siti, ambayo maana yake ni bibi mtukufu, ilimjia baadaye, na sidhani kama pwani hii imepata kuwa na mtu aliyesafiri mwendo mrefu kuliko ule ulio baina ya majina yake mawili.

Taarabu wakati huo ilikuwa bado mgeni wa kasri. Sayyid Barghash alimpeleka Muhammad Ibrahim Misri akajifunze ala, na mwaka 1905 watu wa mjini wakaunda chama cha Ikhwani Safaa. Na kuimba kulikuwa kwa Kiarabu, maneno ambayo wengi wa waliotikisa vichwa kwa ladha hawakuyafahamu. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo ulipita mkono wa bahari, ukijaa na kupwa, ambao baadaye ulifukiwa ukawa barabara, na penye daraja lake hata leo twapaita Darajani ingawa daraja halipo. Siti na wenziwe, Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Effandi Talsam aliyekuwa kipofu, wakaitia taarabu Kiswahili na kuivusha maji yale. Mwaka 1928 wakasafiri hata Bombay kutiwa sauti zao katika sahani na kampuni ya His Master's Voice, ndiyo ile ya mbwa, na sahani hizo zikauzwa kwa maelfu, Lamu na Mombasa, Dar es Salaam na Ngazija, zikapenya bara mpaka Kongo. Hakutangulia kabla yake mwanamke wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo.

Husuda haikukawia. Waimbaji wenziwe walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka: kwamba ni mtu wa shamba, kwamba sura hana, kwamba aliingia mjini na kaniki. Kijana wa leo, aonaye kaniki kwa mganga tu, hawezi kuyapima matusi hayo. Kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa, bafta iliyotiwa nili mpaka ikaiva nyeusi, isiyoonyesha uchafu kwa kuwa mvaaji wake hakukusudiwa kuwa safi. Amri ya mwaka 1897 ilipoufuta utumwa mahakamani, wanawake waliokombolewa kwanza waliitupa nguo hiyo kabla ya kutupa kitu kingine, wakajifunga kanga za maua, kisha wakajitia ndani ya buibui, ili atakayewatazama njiani asipate pa kuanzia. Kumtajia mwanamke kaniki, miaka thelathini baada ya amri ile, ni kumvua buibui sokoni.

Siti akajibu kwa wimbo, na huo ndio uliokuwa katika sahani ambayo bibi aliipiga mno hata sindano ikaanza kuruka. Sitauandika hapa, alioukusudia aliwafikia. Muradi wake ni kwamba uzuri wa sura si hoja, wala utukufu, wala jadi kubwa, bali hasara ya mtu ni kupungukiwa na akili. Uzito wa jibu hilo nimeuona zaidi nilivyozidi kuzeeka, na kilichonielemea ni lile ambalo Siti hakulisema. Hakusema: na mimi pia ninayo jadi. Angeweza, maana mji ule ulijaa watu waliojipatia jadi kama mtu ajipatiaye koti la mtumba, likimbana mabegani lakini likimpeleka harusini. Mzee wa Kinyamwezi angepatikana, mtemi wa mbali asiyeulizika, na nasaba ikatengenezwa. Yeye aliishika mizani yenyewe akaiweka chini. Marehemu Shaaban Robert, mwana wa Kiyao wa Vibambani karibu na Tanga, alimwandikia wasifu ambao ulichapwa mwaka 1958, nami niliusoma nikiwa mwalimu kijana, na nikafahamu kwa nini mtu kama yeye ndiye aliyeitambua thamani ya mtu kama huyu.

Lakini bibi, aliyeupenda wimbo huo kuliko zote, alikuwa na ugomvi nao. "Akili," alisema, akiifunga sahani katika kipande chake cha kanga. "Na aliyenyimwa chuo, akili yake ataionyesha wapi? Juu ya chungu?" Sijapata kusoma katika kitabu chochote hoja iliyoupinga wimbo ule kwa nguvu kuliko hiyo. Ni kweli kwamba anayewekewa akili badala ya nasaba amewekewa mlango mwingine tu, na mlango huo nao una bawabu.

Sasa nifike katika jambo ambalo kwa ajili yake nimeanza kuandika. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimeenea, Wajapani wakaitwaa Burma mwaka 1942, na mchele ambao Unguja ilikuwa ikiuleta kutoka huko ukakatika. Serikali ikaweka chakula cha mgao, kwa kadi, na kadi zikaandikwa kwa kabila, kwa hoja kwamba kila watu wapewe chakula walichozoea: Wahindi na Waarabu mchele, na Waafrika unga wa mahindi. Hoja hiyo ilisahau kwamba mtu wa Unguja, awe wa kabila gani, akikosa wali kwa siku tatu husema hajala. Ghafla swali la kichochoroni likawa swali la serikali, tena likawa na mizani na vipimo. Watu walioishi miaka arobaini bila ya kuujua ukoo wao waliuona kwa wiki moja. Wazee walitolewa vitandani wakatoe ushahidi wa bahari gani walivuka.

Baba alihangaika miezi, kwani mama yake wa Kingazija alimpunguzia uzito, lakini jina la babu lilimvusha akaandikwa Mwarabu. Mama akaandikwa kwa kadi ya mumewe, nasi watoto kadhalika. Bibi, aliyekaa nyumba hiyo hiyo na kulala nyuma ya ukuta huo huo, akaandikwa Mwafrika. Ndivyo mama na mwanawe wa kumzaa walivyopewa na serikali makabila mawili. Jikoni palikuwa na mafiga matatu na vyungu viwili: kimoja cha mchele, kidogo, kilichopimwa kwa kikombe, kimoja cha sembe la manjano, lenye harufu ya gunia, ambalo lilikaa tumboni kama deni. Mama alitaka tuchanganye, tuule wali siku moja sote na siku ya pili tule sembe sote. Bibi ndiye aliyekataa. "Kadi yangu imesema hili," alisema. Na mpaka leo sijui alisema kwa unyonge au kwa kiburi.

Nilikuwa na miaka saba. Usiku mmoja taa ya chemli iko baina yetu, bibi alilimega sembe lake, akalichovya katika mchuzi wa changu, akalifinyanga tonge kwa vidole vyake vile vilivyofinyanga udongo tangu utoto, mviringo, kisha akalibonyeza kwa kidole gumba katikati lipate kushika mchuzi, akaninyoshea kama alivyonilisha tangu sijaota meno. Nikarudisha kichwa nyuma. Nikasema: "Mimi Mwarabu. Mimi sili sembe."

Mama aliinua mkono. Bibi akaudaka hewani. "Mwache," alisema. "Mwarabu huyu nimemtawadha kwa mikono hii." Akalirejesha tonge sahanini mwake, akalila yeye, bila ya haraka, akanawa. Kisha akaingia chumbani, tukasikia kasha likivutwa sakafuni, mkono wa santuri ukizunguka, mkwaruzo wa mafuta ya karai. Haikuwa Ijumaa. Ulikuwa wimbo ule. Siti akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, na bibi hakuingia. Baba alikuwa amekwisha inuka nusu, kwa mazoea, mkono umeelekea dirishani. Akasimama pale akingoja sauti ya pili, nayo haikuja, akakaa. Dirisha likabaki wazi usiku ule, na Siti peke yake akasikika kichochoro kizima.

Bibi hakuniadhibu, wala hakulitaja jambo lile tena mpaka alipokufa mwaka 1953, miaka mitatu baada ya Siti mwenyewe kuzikwa. Aliendelea kunipikia na kunikuna mgongo. Lakini tonge hakunipa tena kwa mkono wake. Aliliweka ukingoni mwa sahani yangu, niamue.

Yaliyofuata nitayapita upesi, kwa kuwa wengine wameyaandika kwa wino mwingi. Mwaka 1962 nilitia posa katika nyumba moja ya mjini, na washenga wangu wakarudi na jawabu la adabu kabisa: kijana ni mwema, kazi anayo, dini anayo, ila si kufu. Ndugu yao mmoja alikuja usiku kunipoza, akaninong'oneza kwamba mama mkuu wa wale walionikataa alikuwa suria wa Kihabeshi, akidhani habari hiyo itanifurahisha. Ilinifurahisha, naona haya kukiri, lakini nililala vizuri. Miaka hiyo ndiyo ya zama za siasa, tangu 1957, za vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi, ambapo watu waligomeana maduka, wakagomeana na mazishi, na ile "nyinyi watu wa wapi" iliyokuwa ikiulizwa baada ya mvua na wazee ikawa yaulizwa kwanza.

Yakaja mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, mizani ikapinduka na vitu vyote vilivyokuwa juu yake. Siku ya nne au ya tano, tukiwa tumejifungia, milio ya bunduki ikisikika upande wa Darajani, baba aliitia jikoni kadi yake ya vita aliyoitunza miaka ishirini katika msahafu, akaingia chumba cha bibi, akalivuta kasha lile la bati. Akafungua dirisha la kichochoroni, mabawa yote mawili, na milango ya roshani ya juu pia, akapiga santuri ya Siti mchana kweupe, sahani baada ya sahani, mkono ukimtetemeka hata sindano ikakwaruza. Walipopita vijana wenye silaha, akawaita yeye mwenyewe, akawaambia: "Hizi za mama mkwe wangu. Mtu wa Fumba." Mmoja wao alisimama, akasikiliza mpaka mwisho wa ubeti, akaenda zake. Sijapata kumhukumu baba kwa siku ile, maana nyumba ile ilisalimika, na mimi nilikuwa ndani yake. Lakini nilijua kwamba bibi, miaka kumi na moja kaburini, ndiyo kwanza akaribishwe sebuleni.

Na waliokuwa chini hawakuwa wapole zaidi walipopanda juu. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, ati ili makabila yachanganyike, kana kwamba damu za kisiwa hiki zilikuwa zikingoja amri.

Nikipita Shangani siku hizi nawakuta wageni wamepanga foleni mbele ya nyumba moja, wakipigana picha, kwa ajili ya Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa hapa Septemba 1946 na ambaye dunia yamjua kwa jina la Freddie Mercury. Sina neno naye. Alikuwa na sauti, na ni wetu kama tulivyo wetu sote. Ila najiuliza ni wangapi kati ya wageni hao waliowahi kuambiwa kwamba miaka kumi na minane kabla hajazaliwa, mji huu ulikwisha mpeleka Bombay binti wa mfinyanzi akarudi na sahani. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizichukua nyimbo za Siti mpaka Ulaya katika uzee wake, na huko wakasimama kumpigia makofi. Hapa nyumbani, aghalabu, tulimwona anapita.

Mwezi wa Januari mmoja nilikwenda Maskati kumtazama dada yangu, aliyeolewa na mtu mwenye asili ya Oman, na ambaye watoto wake ni katika wale waliorejea huko baada ya Sultan Qaboos kushika ufalme mwaka 1970 na kuwafungulia mlango. Wana majumba, wana vyeo, Kiarabu chao ni safi. Na bado jirani zao, kwa adabu zote, huwaita Zinjibari, na neno hilo hunenwa kwa toni ambayo niliitambua mara moja, maana niliisikia Malindi kabla hawajazaliwa. Mpwa wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alinieleza akicheka kwamba watoto wake amewakataza kusema Kiswahili dukani. "Si aibu, mjomba," aliniambia. "Ni kuepusha maswali."

Jioni hiyo kulikuwa na ubaridi mzuri, madirisha yako wazi, tumekaa kwenye misala na birika la chai ya maziwa. Dada, ambaye macho yamemwishia, aliomba apigiwe "ile ya bibi", na mpwa akaitafuta katika simu yake, akaiweka juu ya mto. Mkwaruzo ule ule. Aliyeihamisha sahani hakuuondoa. Udi, fidla, Siti. Na kabla ubeti wa kwanza haujaisha dada yangu akaingia, sauti nyembamba, na lafudhi ile, lafudhi ya Fumba, ambayo sikujua kwamba aliichukua, kwa kuwa miaka yote ya ndoa yake sikumsikia akiitumia hata mara moja. Alikuwa amefumba macho yake yasiyoona, kichwa ameinamisha.

Mpwa wangu akainuka, taratibu, akaelekea dirishani.

"Liache wazi, mwanangu," alisema dada. "Mimi sioni baridi."